Tumbawe la Dirishani Makindu

Safa, mshona nguo wa Makindu, alizaliwa Lamu na hakuacha kuyakumbuka matumbawe. Alipoamua kufuga tumbawe nyumbani, pesa zake zilitosha tangi la kioo, pampu na kifaa kimoja zaidi: taa ya kulimulikia tumbawe, au kipimo cha chumvi.

"Jua tunalo la kugawa," alimwambia mumewe, Idris, akachukua kipimo. Tangi akaliweka dirishani, na dereva wa lori akamletea tumbawe changa na maji ya bahari.

Idris alicheka. "Mama Nusaiba, kisima chetu kinatoa maji ya chumvi bure, nawe unayaagiza Mombasa?"

Wiki ya pili tumbawe lilijikunja, likagoma kufunguka. Kipimo kilionyesha chumvi imezidi, kwani joto lilikausha maji na kuiacha chumvi. Lilihitaji maji matamu, na matamu yalikuwa yale ya mvua tu, waliyoyatunza kwa chai. Safa akayamimina kidogo kidogo.

Kesho yake asubuhi tumbawe lilitanua vidole vyake vyote. Safa alipiga kigelegele.

Idris alionja chai ya maji ya kisima. "Ina chumvi," alisema, macho yakiwa kwenye kioo cha tangi. "Niongezee."