Samaki Aliyepikwa Nje

Harufu ya samaki samoni ambaye mjukuu wangu humkaanga hapa Adelphi, ughaibuni, hunirudisha kwenye mto wetu wa mlimani, wenye maji ya kugandisha vidole. Baba aliwaongoza wageni kuvua samaki wa aina ya trauti. Siku moja nikiwa mdogo, mgeni akanishikisha ufito wake wa kuvulia, na papo hapo ukapinda!

“Baba, ananivuta!”

“Usimwachilie, msichana wangu! Rudi nyuma!”

Niliteleza nikakaa majini, ufito bado mkononi, hadi baba akamnasa kwa wavu. Samaki mrefu kama mkono wangu, mwenye madoa mekundu! Mgeni akaniachia samaki huyo, nikambeba mbio kwa mama.

Kwetu samaki hawakuliwa; walihesabiwa kuwa jamii ya nyoka. “Toa huyo nyoka jikoni kwangu!” mama akapiga kelele. Kisha akaniona nilivyolowa, nacheka. “Kweli umemshika wewe?”

Tukampika nje, mbali na jiko lake. Mama ndiye aliyeonja kwanza, macho ameyafumba.