Miti Miwili Uani Kwetu Kalundu

Harufu ya maranda ya mti mbichi hunirudisha Kalundu, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kwenye ua ambamo baba alichonga mitumbwi na mama alianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya mchanga. Nilikuwa na miaka tisa. Uhuru ulikuja tukiuimba, kisha ukaja uasi, na katikati yake nikashikwa na homa iliyouacha mguu wangu wa kushoto bila nguvu. Kwa miezi mingi nilijikokota uani kwa makalio.

Jirani yetu Mama Furaha alikuwa na moyo mwema, lakini hakujua kunong'ona. Siku moja alimwambia mama, "Vita ikifika huku mutafanya nini? Weye uko na mutoto mugongoni. Huyu mumuache kwa masista, watamuchunga." Nilikuwa nyuma ya mlango wa matete, nikasikia kila neno. Masista wa misheni walikuwa wapole, lakini hawakuwa mama yangu.

Kesho yake baba alianza kazi. Alisimamisha nguzo nne, akalaza juu yake miti miwili mirefu iliyolainishwa vizuri, ili nipite katikati nikishika huku na huku. Alipima kwa mwili wake mwenyewe, kama alivyozoea kupima mitumbwi, kwa hiyo nilipoingia miti ilinifika masikioni. Mama Furaha aliona zizi tupu, akacheka mpaka akakaa chini. "Fundi! Umejenga lupango ya ng'ombe!" Baba naye alicheka, lakini msumeno hakuugusa. Alichimba upya mashimo yote manne na kuzizamisha nguzo mpaka miti ikashuka kiunoni pangu. "Miye siikate," alisema. "Atakuwa mukubwa huyu. Nitapata wapi mingine?" Halafu akatengeneza ngazi ya vidato vitatu isiyoelekea popote, na benchi lenye kamba iliyopita juu ya gurudumu la mbao. Nilikaa hapo nikiinua jiwe kwa mguu, nikilishusha, nikiliinua tena.

Kila asubuhi tulisali, kisha baba akatembea kinyumenyume mbele yangu, mikono ameitandaza. "Kuja, mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye. "Moja tena." Viganja vilitoka malengelenge, mama akavipaka mawese. Kuna siku nililia na kumwambia baba kwamba simpendi. Alisubiri nimalize kulia, kisha akasema, "Moja tena."

Asubuhi moja risasi zililia milimani, karibu kuliko siku zote. Watu wote walishika njia ya Kavimvira, mpakani, ili wavuke kwenda Burundi. Mama alibeba mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Mimi nilikuwa na fimbo. Baba peke yake hakubeba chochote, wala shoka lake wala tezo, na watu waliolemewa na mizigo walimtania kwa uchungu, wakimfananisha na mkubwa wa serikali: "Angalia fundi, anatembea kama commissaire!" Niliona aibu kwa ajili yake. Nilianguka mara mbili na kupumzika mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, lakini jua lilipoanza kushuka nilifika mpakani kwa miguu yangu. Mama Furaha alikuwa nyuma yetu na sufuria zake, akipiga kelele, "Ee weye mutoto, utungojee!"

Kule Burundi baba hakuwa na chombo hata kimoja cha kazi. Kwa muda mrefu alilima mashamba ya watu. Nilikuwa tayari na watoto wangu siku mama aliponieleza: baba aliacha vyombo vyake kusudi, kwa kuwa hakujua nitafika wapi kabla mguu haujakataa.

Siku hizi hospitali ya mjini ina reli za chuma za mazoezi. Nilimpeleka huko mjukuu wangu aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki, na kijana wa pale alimfundisha kwa upole, kwa maarifa ambayo baba hakuwa nayo. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya kijana yule. Ila nikipiga magoti jioni, huanza kwanza kushukuru kwa ajili ya mgongo ule wa baba uliokwenda mtupu mpaka Kavimvira, ukinisubiri.