Dhoruba ya Hilkka

Mchana Hilkka Tossavainen alioka mikate kwenye tanuri la watu. Jioni alitengeneza katuni yake. Filamu nzima ilikuwa imekamilika isipokuwa dhoruba ya theluji ya mwisho. Maktaba ya mji wa Kuopio ingeionyesha Jumamosi, na kwa jinsi kompyuta yake ilivyokuwa ikijikongoja, dhoruba ile isingemalizika kuchorwa hata wiki iliyofuata. Ilitakiwa prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta.

Kaka yake, Tauno, alikuwa mtu wa prosesa za Intel tangu shuleni, kama wengine walivyo watu wa timu fulani ya magongo. Alikuja na mkate wa samaki kwapani, akasifia Intel mpaka kahawa ikapoa. Kwenye michezo, alisema, haina mpinzani. Hilkka alikuwa ameshasoma majaribio ya Intel na ya kampuni shindani, AMD. Yeye hachezi michezo. Kwa kazi ya kuchora, zilikaribiana sana. Lakini Intel ingemlazimu kubadilisha madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, na kufunga kila programu upya, ilhali ya AMD ingeingia kwenye tundu lilelile la ya zamani.

"Kwa hiyo unanisaliti kwa sababu ya tundu," alisema Tauno.

"Nakusaliti kwa sababu ya Jumamosi, kaka."

Prosesa ilifika Alhamisi, Hilkka akiwa sauna, kwenye bafu la mvuke. Tauno hawezi kukaa na kifurushi ambacho hakijafunguliwa. Hilkka alipotoka, nywele zikimchuruzika maji, ya zamani ilikuwa mezani, mpya imeshafungwa, na skrini nyeusi tii.

"Pole, dada. Hiyo AMD yako imekufa kabla ya kuzaliwa."

"Haijafa. Madabodi haiijui bado. Programu ya madabodi ilipaswa kusasishwa kwanza, prosesa ya zamani ikiwa ndani. Ungeningoja nivae."

Tauno alizima kompyuta. Hilkka akaichomoa mpya, akafuta dawa ya kupitisha joto iliyopakwa juu yake, akairudisha ya zamani, akasasisha madabodi huku kaka yake akilinda waya wa umeme usichomoke, kama askari, kisha akaipachika mpya.

Skrini iliwaka. Theluji ikaanza kujichora kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona, na Ijumaa mchana dhoruba ilikuwa imekamilika.

Jumamosi, ilipovuma kwenye ukuta wa maktaba, ukumbi ulikaa kimya, watu wamefunga makoti hadi shingoni. Taa zilipowashwa makofi yalianza taratibu, kisha yakagoma kuisha. Hilkka alisimama, uso ukimwiva, akainama mara mbili.

Kutoka safu ya mbele alimsikia Tauno akimwambia jirani yake, "Prosesa niliifunga mimi."

Akamwacha aseme.