Turbo Mbili za Fundi Geti

Otto alikuwa fundi wa mageti pale Mfaranyaki, na hakuna geti lililotoka mkononi mwake bila maua ya chuma. Mtaa ulishangaa Abdulhamid, mfanyabiashara wa korosho kutoka Nalasi, alipomletea gari la Kimarekani lenye pua ndefu, akitaka alifungie turbo mbili za kuongeza nguvu ya injini.

"Kama bomba la geti unaliweza, la moshi litakushindaje?" alisema.

Otto akatafuta turbo mbili za malori mabovu. Hazikuenea chini ya boneti, basi akaikata, zikachomoza juu kama macho ya chura. Mabomba akayakunja na kuyachomelea mwenyewe, kisha, kwa mazoea tu, akayabandika maua.

"Haya ya nini, fundi?"

"Bila hayo kazi haijaisha, bosi."

Abdulhamid akawasha gari. Likapiga mluzi mkali hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba. Alipokanyaga mafuta kidogo, likaruka barabara na kuangusha geti la Mama Oliva, jirani wa ng'ambo, ambalo Otto huyohuyo ndiye aliyelitengeneza.

Mama Oliva akatoka nje. "Shikamoo, mama," Abdulhamid alisema kwa adabu, akiwa bado ameshika usukani.

Otto alikuja mbio, akaruka geti lililolala chini, akapiga magoti kuchungulia mabomba.

"Hakuna lililopasuka!" alipaza sauti, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Sasa mwanangu," Mama Oliva akamuuliza, "geti langu ulilichomelea kwa mate?"

Swali hilo lilimchoma Otto. Kesho yake alilisuka geti hilo upya kwa mabomba mazito, Abdulhamid akimshikia.