Fundi Anayesikiliza Cheni

Fundi baiskeli hupangusa vidole kimoja kimoja kabla ya kushika cheni, na anapozungusha pedeli hufumba macho ili asikilize. Tangu asubuhi mama alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Kesho binti yake angepanda mlima wenye malori kwa baiskeli hiyo kuukuu ya mbio, iliyofungwa giya mpya.

“Cheni haitaruka, fundi?”

“Kwa mgongo wangu huu unaouma, mama, hapa haruki mtu.”

Akazungusha tena, akakunja uso. Mama hakusikia kitu. “Cheni mpya imeyakataa meno ya zamani ya mbele, haya ya kwenye pedeli,” akasema fundi, ingawa angeweza kunyamaza. Akashusha pumzi, akaanza kufungua alichokifunga kutwa nzima. Ndipo mama alipovuta ndoo, akaketi.