Tableti Sitini Kichwa Chini

Mama yangu huwaambia majirani kwamba mimi ni fundi simu. Nilikuwa nikimsahihisha, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma, mpaka jirani mmoja akaniletea simu yenye kioo kilichopasuka nami nikashindwa hata kuifungua. Tangu siku hiyo nimenyamaza. Kazi yangu hasa ni kurekebisha kerneli, yaani kile kiini cha mfumo wa kompyuta kinachoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuongea na vyuma vyenyewe: kioo, betri, vitufe. Kikiwa kizima hakuna anayejua kipo. Mume wangu ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kimepakana na changu. Ananiita Kiraka, kwa kuwa marekebisho yetu huitwa viraka. Anasema tofauti yetu ni kwamba vya kwake vikiachia, mteja hurudi kugomba siku hiyo hiyo.

Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, ambaye aliniamini kuliko anavyoiamini taarifa ya habari. Utotoni nilimwambia akimeza mbegu ya chungwa mti utamwota tumboni, akalala chali siku nzima ili kuupa nafasi. Alipokua aliendelea kuniuliza kila kitu, anunue viatu gani, amwoe nani. Kwenye viatu nilikosea.

Yeye yuko idara ya maji. Alifanya kibarua pale miaka sita, na miezi mitano kabla ya mkasa huu akaajiriwa kabisa, akapewa meza ya ununuzi. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kuwatafutia wasoma mita tableti sitini, waachane na makaratasi. Akaniletea moja ya mfano. Nilikaa nayo siku tatu, nikaujaribu mtandao, nikaijaribu betri, nikamwambia kwa mkato wa kitaalamu: safi kabisa, nunua. Nisichosema ni kwamba waya wa kuchajia ulikuwa mfupi na mimi ni mvivu, kwa hiyo siku zote tatu ilikuwa imelala mezani kama mgonjwa. Sikuinyanyua hata mara moja. Wasoma mita, kwa bahati mbaya, hawatembei na meza.

Ziligawiwa Jumatatu. Jumanne asubuhi mdogo wangu alikuwa mlangoni kwangu na tableti moja kwapani.

"Dada, hebu ishike."

Nikaishika. Picha ilikuwa imesimama kichwa chini. Nikaigeuza tableti, na picha nayo ikageuka, ikasimama tena kichwa chini. Nikaigeuza upesi upesi, nikidhani labda nitaiwahi. Sikuiwahi.

"Wenzako wanafanyaje huko nje?"

"Mmoja anailaza chini kwanza, halafu anazunguka upande wa pili ndiyo anaandika. Mwingine ameshazoea, anaandika kichwa chini bila shida. Huyo ndiye ananitia wasiwasi."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja wa mume wangu, akaanza kuchezea futi ya kupimia nguo.

"Mkuu wa idara ameniita. Ijumaa ya wiki ijayo kuna kikao. Zikiwa bado hivi, nimekwisha. Kibarua chenyewe sidhani watanirudishia. Na hataki dawa ya kutuliza tu, anataka hata sasisho likija mwezi ujao zisigeuke tena."

"Ni wa kiwandani hao," nikasema. "Wamefunga vifaa ovyo. Nenda kamwambie mkuu wako ni kiwanda."

"Una uhakika?"

"Unamuuliza nani?"

"Haya, Dada," akasema, akaikunja ile futi vizuri na kuirudisha mahali pake.

Jumatano nilikaa kazini na kikombe cha chai na nia mbaya. Nilitaka ushahidi wa kukiumbua kiwanda. Ndani ya kila mashine ya aina hii kuna programu ndogo inayoandikwa kiwandani kwenye ubao wa saketi, na ndani yake kuna jedwali la sifa za vifaa: kifaa hiki kiko hapa, kimefungwa hivi, kinahitaji hiki. Kerneli ikiamka haijui imeamkia mwili gani. Inalisoma jedwali lile na kulifuata. Miongoni mwa sifa hizo kuna tarakimu tisa zinazoeleza kihisi cha mwinuko, kile kinachojua umeishikaje tableti, kimefungwa kikielekea wapi. Nikazitafuta tarakimu tisa za kiwanda ili nizicheke.

Zilikuwa sahihi zote tisa. Kihisi kilikuwa kimefungwa kichwa chini, ndiyo, ili waya upate nafasi ya kupita, na kiwanda kilikuwa kimesema hivyo waziwazi. Kilikuwa kimeziandika tarakimu zake kama maandishi, yaani ndani ya alama za kunukuu, badala ya namba tupu, jambo ambalo kitabu cha kanuni kinaliruhusu. Nilikisoma kitabu mara mbili, nikitumaini kimebadilika.

Basi kama aliyeandika jedwali hakukosea, aliyekosea ni msomaji wake. Nikaufungua msimbo wa kerneli unaosoma sifa hizo. Nikakuta kwamba ulikuwa unatarajia namba tupu, na ukikutana na maandishi hauulizi wala haulalamiki. Unatoa taarifa kwamba sifa haipo kabisa, kisha unajiendea ukidhani kihisi kimesimama wima kama vihisi vingine. Yaani aliyejibu kwa namna nyingine na asiyejibu kabisa, kwa msimbo ule, ni mtu mmoja. Na juu ya mstari ule mwandishi alikuwa ameweka maelezo ya kuwatuliza wenzake: "Hapa hatutafika kamwe."

Nikamwita mume wangu aje aone ujinga wa watu. Akaja na pini zake mdomoni.

"Huyu alisomea wapi?" nikamuuliza. "Kajibiwa, hakuelewa, badala ya kuuliza kaendelea na safari kama hakuna lililosemwa. Halafu anajisifu eti hatutafika kamwe."

"Namfahamu mtu wa namna hiyo," akasema kwa pembeni ya mdomo, kwa ajili ya pini.

Kerneli ina kumbukumbu ya kila mstari, nani aliuandika na lini. Nikaiomba inipe jina la mpumbavu huyo, ikanipa langu. Ilikuwa miaka saba nyuma, kiraka changu cha kwanza kabisa kukubaliwa, siku ambayo nilimpigia simu kila mtu mpaka mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi. Mume wangu akazitoa pini mdomoni, akazipanga mezani moja moja, ndipo akacheka. Ni mtu mwangalifu.

Hapo mtu mwenye heshima zake angempigia simu mdogo wake. Mimi nilijitia hamnazo. Kwenye kerneli kuna orodha ya mashine zenye kasoro za kiwandani, ambapo unaweza kuandika: mashine ya aina hii inasema uongo, usiisikilize, tumia tarakimu hizi hapa. Nikiziweka tableti zetu kwenye orodha hiyo, picha itasimama, mdogo wangu atabaki na meza yake, na mstari wangu wa miaka saba utaendelea kulala salama. Kila mtu angepata alichotaka isipokuwa kiwanda, nacho kiko mbali. Niliandika kiraka hicho kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuchagua kitambaa.

Kiraka hakiingii kwenye kerneli ya wote, ile inayotumiwa dunia nzima, mpaka kipite kwa mlezi, yaani msimamizi, wa sehemu ile. Wa kwetu ni mtu ambaye sijawahi kumwona, anayeishi sijui wapi, nami namwita Mzee Hapana kwa sababu barua pepe zake zote huanza na neno hilo. Ningeweza kuzitia tableti kiraka changu bila ruhusa yake, lakini sasisho la kwanza lingekifuta, na hicho ndicho mkuu wa idara alichokataa. Nikamtumia Mzee Hapana kiraka changu, na jibu lake likafika Ijumaa.

"Hapana. Kiwanda kimekosea nini?"

Nilimwandikia aya nne zenye maneno mazito. Nikazisoma, nikazifuta. Nikaandika mbili, nazo nikazifuta. Kiwanda hakikuwa kimekosea kitu. Zimebaki siku saba, mdogo wangu anasubiri, na mimi nimetumia siku mbili nzima kuilinda heshima ambayo hakuna aliyekuwa anaitazama.

Kiraka cha kweli nilikiandika mwisho wa wiki, mistari ishirini na moja. Kilisoma namba, kilisoma maandishi, na kikikutana na kitu kisichoeleweka kilisema wazi kwenye kumbukumbu za mashine kwamba kuna jibu hapa nami sijalielewa. Nikakituma Jumatatu. Sasa, kwetu kuna desturi. Ukirekebisha kosa, chini ya maelezo yako unaweka mstari unaotaja badiliko lililoleta kosa hilo, namba yake na kichwa chake, ili wanaotumia matoleo ya zamani wajue lilianzia wapi. Mimi desturi hiyo huwafundisha wageni. Safari hii niliisahau, na ulikuwa usahaulifu wa kunifaa sana.

"Hapana," akaandika Mzee Hapana. "Mstari wa chanzo haupo."

Nikauweka. Nikapiga moyo konde nikatuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli, nimepanga hata utetezi kuhusu umri wangu wakati ule. Jumatano akajibu: "Imepokelewa. Asante." Hakusema zaidi. Karibu nimwandikie kumuuliza kama ameliona jina.

Alhamisi nilikwenda kwenye stoo ya idara ya maji, chumba kirefu chenye mabomba upande mmoja na makabati ya chuma upande mwingine. Tulikaa na mdogo wangu tangu saa mbili asubuhi, mimi natia kerneli mpya, yeye anainyanyua kila tableti na kuigeuza huku na huku kabla ya kuirudisha kwenye boksi. Sitini zote zilisimama sawasawa. Yule msoma mita aliyekwisha kuzoea alizungusha yake mara kadhaa, akaondoka amenuna.

Nilimweleza mdogo wangu ukweli hapo hapo stoo, kati ya tableti ya kumi na ya ishirini. Nilimwambia si kiwanda, ni mimi. Akasema, "Sawa, Dada," akapokea tableti inayofuata. Nilidhani hajanielewa. Nikaamua kesho yake nitakwenda kikaoni mwenyewe nikaseme mbele ya wakubwa, kwa kuwa bila shaka alikuwa ameshawaambia ni kiwanda kwa kunitii, na sikutaka aonekane mwongo kwa uongo wangu.

Ijumaa nikavaa gauni la harusini. Mkuu wa idara alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, faili mbele yake. Mdogo wangu alikaa pembeni, mikono magotini. Niliomba nafasi, nikasimama, nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Mheshimiwa, aliyoyasema ndugu yangu kuhusu kiwanda aliyatoa kwangu, na mimi—"

"Kuhusu kiwanda?" Mama yule akavaa miwani, akafunua faili. "Hajasema neno lolote kuhusu kiwanda."

Akatoa karatasi moja, akaisoma kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa barua ya mdogo wangu, ya Jumatano ile ya kwanza, siku niliyokuwa nakunywa chai nikitafuta wa kumuumbua. Alikuwa ameandika kwamba tableti alizichagua yeye, kwamba aliomba ushauri kwa mtaalamu lakini hakumtaka aandike chochote, na kwamba yeye mwenyewe hakuijaribu mkononi hata moja kabla ya kuagiza sitini. Kosa ni lake, anaomba muda zirekebishwe.

Nikasema hata hivyo. Nilisema kosa ni langu, la miaka saba, lina namba na kichwa cha habari, na mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Nilikuwa nimelichapisha, nikamwekea mezani. Mama yule aliisoma karatasi yangu kwa heshima, mpaka chini kwenye ule mstari.

"Nakushukuru," akasema. "Lakini wewe si mwajiriwa wangu. Siwezi kukupa onyo, na huku kwetu karatasi hii haina pa kukaa."

Mdogo wangu akabaki na kazi yake, kwa kuwa tableti zimesimama sawasawa. Onyo la maandishi likaingia kwenye faili lake, na miezi sita ya matazamio mapya, kwa kununua bila kujaribu. Akasaini bila kubishana.

Tulitoka pamoja hadi kwenye ngazi za nje. Nilikuwa na hasira, na kama kawaida yangu nikamtupia yeye.

"Kwa nini hukulitaja jina langu? Nilikwambia sema kiwanda, hukusema. Basi si ungenitaja mimi?"

"Wangeniuliza kwa nini sikujaribu mwenyewe. Ningejibu nini?" Alikuwa anatabasamu, mtu aliyetoka kuokoka. "Nilikuamini tu, Dada. Hilo wewe hukunituma. Mara nyingine nitajaribu mwenyewe kwanza."

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo inavyotakiwa kweli, hata wageni kazini mimi huwafundisha hivyo hivyo. Akanishukuru kwa kuja, akarudi ndani kwenye meza yake. Mimi nikabaki pale kwenye ngazi na gauni langu la harusini, maneno yake yamenikata maini, nikilia kwa kuwa mtu aliyekuwa akiniuliza kila kitu amesema jambo la haki.