Evodius wa Mkekani

Valeria alikuwa mtu wa sauti ndogo. Hata sokoni Ifakara, alikouza vitumbua, mteja akipandisha sauti yeye alinyamaza na kumwachia. Ndiyo maana mwaka tisini na nne, baada ya kufiwa na mumewe Eustaki, alikosa hata hamu ya kula aliposikia kwamba shemeji yake, Evodius, anakuja kutoka Kiberege kumchukua binti yake Rosemery akalelewe kwao.

Jirani yake wa mtaani Lumemo, Bi Salha, alikuwa muuza kanga aliyebishana bei na watu maisha yake yote. Hakumpa pole. Alivaa koti la mume wake mwenyewe, akaketi mkekani uani, akakunja uso.

"Mimi ndiye Evodius. Nimefuata damu yetu. Haya, nijibu. Ukinyamaza umeshindwa, ukikasirika umeshindwa."

Siku ya kwanza Valeria alisema hapana, kisha akanyamaza, akashindwa papo hapo.

"Usianze na hapana, mwanangu," Salha akamwambia. "Muulize kwanza anataka nini."

Wakacheza kila jioni, mara nyingine wakicheka hadi machozi, na kila mara yule shemeji wa mkekani akazidi ukali. Kisha Salha akavua koti, akamvika Valeria.

"Leo wewe ndiye Evodius."

Valeria akaanza kwa kufoka. Halafu, bado akiwa Evodius, yakamtoka maneno ambayo hakuyapanga: "Mdogo wangu alizikwa mimi sipo. Mafuriko yalikata njia." Salha akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Jumamosi Evodius mwenyewe akafika. Hakufoka hata kidogo. Alisema taratibu kwamba amekuja kumchukua mtoto, na upole ule ukamtisha Valeria zaidi. Lakini akauliza.

"Shemeji, kwa huyu mtoto unataka nini hasa?"

"Niwe namwona. Anacheka kama marehemu."

"Basi likizo zote zako. Shule asome hapa, kwangu."

"Na wakati wa mavuno?"

"Na mavuno. Nitamleta mwenyewe."

Evodius akakubali, akaomba maji ya kunywa.

Likizo ya Juni Rosemery alikwenda Kiberege. Alirudi amenenepa, akamsimulia mama yake kwamba baba mkubwa humwita kwa jina la bibi mzaa baba, na kwamba akiitika, baba mkubwa humtazama kwanza anavyocheka, ndipo aseme alichomwitia.